Kubadili kalamu ya katriji ijazwe wino mwilini: mwongozo kamili

Katriji (kibomba kidogo cha wino kinachochomekwa ndani) ya kalamu ya Platinum Preppy inachukua wino mililita 1 na ushee. Ukiitoa, ukajaza wino ndani ya mwili wa kalamu wenyewe, kalamu ileile inachukua zaidi ya mililita 3. Chupa ya mililita 50 itakujazia zaidi ya mara kumi na hutahangaika tena kutafuta katriji. Kwa wengi wetu sababu hiyo peke yake inatosha, maana katriji za kampuni fulani hazionekani dukani mwaka mzima, ilhali chupa ya wino ukiitafuta unaipata.

Ukiondoa muda wa kukausha, kazi yenyewe haifiki nusu saa. Lakini wengi wanaoijaribu hupata doa la wino mfukoni ndani ya wiki ya kwanza, wakaitupa kalamu wakidhani ni mbovu. Mara nyingi kalamu ni nzima, ila aliyeibadili hakuijua tabia ya hewa. Kwa hiyo kabla ya kushika grisi, tuanze na hewa.

## Wino hautoki mpaka hewa iingie

Kalamu ya nibu (ile ncha ya chuma inayoandika) imefungwa kote isipokuwa mbele. Kila tone linaloshuka kwenye karatasi huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na hewa inayopenya kwa njia ileile ya mbele, kupitia ule ulimi mweusi wa plastiki uliolala chini ya nibu. Ulimi una mfereji wa wino na njia ya hewa, na pembeni una mapezi membamba kama mashavu ya samaki. Kazi ya mapezi ni kupokea wino uliozidi ili usidondoke.

Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wake mwaka 1884, na kalamu za enzi zile zilijazwa kwa kidondoshi: unafungua mwili, unadondoshea wino, unafunga. Wenzo wa pembeni unaobana mfuko wa mpira unaobeba wino ndani ulikuja na hataza ya Walter Sheaffer wa Iowa mwaka 1908. Pelikan wa Ujerumani walitoa kalamu yao ya pistoni mwaka 1929. Mifumo hiyo ilibuniwa ili mwandishi asichafue vidole. Nasi leo tunairudisha kalamu kwenye mfumo ule wa kwanza kabisa, na India hawajauacha hadi leo: kuna mafundi, wakiwemo wa mji wa Rajahmundry, wanaochonga kalamu za ebonaiti (mpira uliofanywa mgumu) za kujazwa hivyohivyo.

Sasa hesabu, maana ndiyo roho ya jambo lote. Chukua kalamu iliyojazwa mwilini, wino umepungua, ndani kuna hewa mililita 2.5. Umeitoa kwenye begi ikiwa na joto la nyuzi 25, ukaishika mpaka mwili ukafika nyuzi 35. Hewa ile inavimba kwa zaidi ya asilimia 3, na inasukuma nje karibu mililita 0.08 za wino. Tone moja ni kama mililita 0.05, kwa hiyo hapo pana tone zima na nusu linalotafuta pa kwenda, wakati mapezi ya ulimi pengine yameshajaa. Katriji yenye hewa mililita 0.6, kwa joto hilohilo, inasukuma nusu tone tu, na ulimi unalimeza bila wewe kujua. Tofauti ya mifumo hii miwili iko hapo. Anayejaza wino mwingi ajue kwamba kila wino unavyopungua anabeba hewa nyingi zaidi.

## Kalamu ipi inafaa

Tafuta kalamu yenye mwili wa plastiki mtupu, ndani na nje. Mwili wa chuma au shaba haufai. Wino ni maji yenye rangi na kemikali, mwingine una tindikali, na ukikaa juu ya metali miezi kadhaa unaila. Pilot Metropolitan ni kalamu nzuri sana, lakini mwili wake ni wa shaba, basi iachie konvata (kifyonza wino nitakachokieleza mbele). Lamy Safari ni ya plastiki, lakini mwili wake una matundu mawili ya kuonea wino, kwa hiyo nayo haijazwi. Kaweco Sport ya plastiki inakubali vizuri. Preppy ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza, kwa sababu ni ya bei ndogo, mwili wake unaonesha ndani, na ikiharibika mikononi mwako umejifunza bila hasara kubwa.

Kagua mambo matatu kabla hujaamua. Angalia mkia wa kalamu kama una kitundu, kwani kampuni nyingine hukiweka kusudi. Angalia kama mwili na shingo (sehemu unayoishika unapoandika) vinaungana kwa thredi (mistari ya skrubu) ndefu. Mizunguko minne mitano ya thredi inazuia vizuri, miwili haitoshi. Mwisho chungulia ndani ya shingo kama kuna pete ya chuma inayogusana na wino.

Kalamu ya urithi, au ya thamani, usiibadili kabisa. Ukibadili kalamu ya babu umeipunguzia thamani, na plastiki za zamani zina tabia zake ambazo nitazigusa mbele.

## Vitu vya kuandaa

Grisi ya silikoni ndiyo kitu cha lazima. Soma lebo na uhakikishe ni silikoni tupu. Ukiwa pwani, ulizia kwa wanaouza au kukodisha vifaa vya kuzamia baharini, maana wao huipaka kwenye oringi (pete za mpira za kuzibia) za mitungi na taa zao. Bara, jaribu kwa wauza vifaa vya mabomba ya maji. Vaselini usiitumie hata kama ndiyo iliyo karibu. Ni mafuta ya petroli, hulainisha na kuharibu mpira, na plastiki nyingine nazo hazipatani nayo. Grisi ya magari ni hivyohivyo.

Oringi utazipata kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Usiulize kwa namba, nenda na kalamu yako. Unayoitaka ni ile inayokaa kwenye shingo, mwishoni mwa thredi, bila kulegea na bila kuvutwa sana, na nyembamba kiasi kwamba ukifunga kalamu, mwili na shingo vinakaribiana vizuri. Oringi nene inaacha pengo, na mtu akiona pengo huikaza kalamu mpaka mdomo wa mwili unapasuka. Nyufa nyingi nilizoziona kwenye miili ya plastiki zilianzia hapo hapo.

Kisha chukua bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, karatasi laini, sabuni ya vyombo na kikombe. Kwa kujaza mwili huhitaji sindano yenyewe, bomba tupu linatosha. Tupa sindano salama, au kama utajaza katriji baadaye, isugue ncha kwa msasa mpaka iwe butu.

Wino uwe wa kalamu za nibu, na chupa iseme hivyo. Parker Quink ni chaguo la kawaida na la salama. Wino wa mhuri, wa printa, wala ule mweusi mzito wa kuchorea wenye gundi ndani yake usiingie humu, kwani ukikauka kwenye ulimi umeiua kalamu.

## Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, osha. Fungua kalamu, toa katriji, na uisukumie shingo maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano kupitia nyuma mpaka yatoke meupe mbele ya nibu. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji linatosha kuondoa mafuta ya kiwandani. Baada yake suuza mara tatu kwa maji matupu. Maji ya moto hapana, hupinda ulimi. Spiriti hapana, hupasua baadhi ya plastiki. Nibu na ulimi vya Preppy vinachomoka kwa kuvivuta pamoja moja kwa moja, lakini kama kalamu ni mpya hakuna haja ya kuvichokonoa.

Hatua ya pili, kausha. Simamisha shingo, nibu ikitazama chini juu ya karatasi laini iliyokunjwa, na uiache usiku kucha. Mwili usimamishe mdomo ukiwa chini. Thredi zikiwa na maji, grisi haishiki.

Hatua ya tatu, jaribu kwa maji kabla ya kupaka grisi. Wengi huiruka hatua hii. Vaa oringi kwenye shingo, jaza maji mwilini, funga kwa mkono bila nguvu, weka kifuniko, ikunje kalamu ndani ya karatasi laini na uilaze saa tatu. Karatasi ikilowa pale kwenye maungio, hiyo ni kawaida kwa sasa, grisi itayaziba. Ikilowa mkiani au katikati ya mwili, kuna tundu au ufa, na kalamu hiyo haifai. Bora uyajue hayo kwa maji kuliko kwa wino wa buluu.

Hatua ya nne, paka grisi. Kausha tena. Chukua grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, ipake kwenye thredi za shingo, anzia katikati ya thredi uelekee kwenye oringi. Zile thredi mbili za mwisho, zinazoelekea ndani kwenye wino, ziache karibu kavu. Sababu ni kwamba grisi inayosukumwa ndani huishia kwenye mfereji wa ulimi, na wino haupiti penye grisi. Kalamu itaandika mistari miwili na kukauka, na utaisafisha kwa tabu. Funga na ufungue mara mbili ili grisi isambae, kisha futa iliyotoka nje. Ukiangalia mwili unaopitisha mwanga utaona duara nyororo isiyokatika pale kwenye maungio. Duara ikiwa na pengo, ongeza kidogo mahali pale tu.

Hatua ya tano, jaza. Vuta wino kwa bomba, simamisha mwili mdomo juu, uumimine taratibu ukiufuata ukuta wa ndani usitoe mapovu. Simama sentimita 1 chini ya thredi. Ukijaza mpaka juu, shingo ikiingia itasukuma wino mbele na utautapika wote kwenye nibu. Funga ukiwa umeishika wima, nibu juu. Kaza mpaka oringi iguse, ongeza robo mzunguko, basi.

Hatua ya sita, iamshe. Ifunike, igeuze nibu chini na uisimamishe kwenye kikombe dakika tano au kumi. Wino utashuka wenyewe kwenye ulimi. Usiitikise, kwani kuitikisa hujaza mapezi kabla hujaanza kuandika, na mapezi yaliyojaa hayana tena pa kupokelea kitu.

## Kuishi nayo kwenye joto na kwenye milima

Kalamu hii ina adabu zake. Iweke wima, nibu juu, usipoandika. Ukiitoa mfukoni au kwenye gari lililokaa juani, fungua kifuniko nibu ikiwa imetazama juu, subiri kidogo hewa iliyovimba itoke, ndipo uigeuze. Wino ukibaki theluthi, jaza. Usisubiri uishe, kwa sababu theluthi ile ya mwisho ndiyo yenye hewa nyingi juu yake na ndiyo inayodondosha. Hilo likishakuwa mazoea, shida nyingi zinaisha. Wenye viganja vya moto waandike kwa kuishika karibu na nibu, mbali na mwili.

Dar es Salaam na Zanzibar tatizo ni joto. Anayepanda milimani ana jingine, nalo ni kubwa zaidi. Kutoka usawa wa bahari hadi Arusha au Lushoto, mita kama 1,400 juu, kanieneo ya hewa inapungua kwa asilimia 15 hivi. Hewa mililita 2.5 iliyofungwa ndani ya kalamu inataka kuwa karibu mililita 3, na kinachosukumwa nje ni wino wa matone tisa. Niliwahi kupanda Lushoto kutoka Tanga na kalamu iliyobaki nusu, imelala ndani ya begi. Nilipoifungua nilikuta kifuniko kimejaa wino na nibu inaogelea. Kalamu ileile ikiwa imejaa hadi juu haimwagi, kwa kuwa haina hewa ya kuvimba. Kwa hiyo safiri nayo ikiwa imejaa au tupu kabisa, kamwe isiwe nusu, na iwe wima njia nzima. Kwenye ndege ni vivyo hivyo, kwani ndani ya ndege hewa hupunguzwa kama uko mlimani mita 1,800 hadi 2,400.

Fungua na kupaka grisi upya kila ukijaza mara tatu nne. Ukitaka kubadili rangi, osha kwanza. Rangi nyekundu na zambarau nzito hutia doa mwili unaoonesha ndani, na doa hilo halitoki.

## Ukiona joto ni kubwa mno: konvata, au katriji ileile

Si kila mtu anahitaji mililita 3. Konvata ni kipande chenye pistoni ndogo kinachoingia mahali pa katriji na kufyonza wino kutoka chupani, na kwa anayeandika kiasi, tena anayesafiri sana, ningemshauri hiyo badala ya yote niliyoeleza juu. Ugumu ni mmoja tu, kuoanisha. Kalamu nyingi za Ulaya, kama Pelikan na Kaweco, hutumia mdomo wa kimataifa. Parker, Lamy, Pilot, Platinum, Sailor na Cross kila mmoja ana wake. Kalamu za Kichina zina midomo ya mm 2.6 na ya mm 3.4, kwa hiyo muulize muuzaji, au pima mwenyewe. Konvata ya kimataifa ya kawaida ni ndefu mno kwa Kaweco Sport, ambayo ina yake fupi. Usilazimishe hata siku moja, maana chuchu ya shingo (kile kincha cha nyuma kinachoingia kwenye katriji) ikivunjika haina dawa.

Na kama konvata huipati, jaza katriji iliyokwisha kwa sindano butu. Suuza, jaza, pachika. Mdomo wake utalegea baada ya kurudiwa mara kadhaa. Ukianza kuona unyevu pale, itupe na uanze nyingine.

## Kalamu ya zamani yenye wenzo na mpira uliooza

Hii ni kazi ya watu wenye subira. Ukikuta kalamu ya kale ambayo wenzo wake unanyanyuka bila kuhisi kitu, ujue mpira wa ndani umekwisha kuwa unga. Usiigeuze kuwa ya kidondoshi, kwa sababu ule mwanya wa wenzo utavuja. Badili mpira tu, kalamu irudi ilivyokuwa.

Shingo kwa kawaida imepachikwa kwa msuguano. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, ukizungusha kila wakati, kisha ujaribu kuiyumbisha taratibu kwa mkono uliovaa kipande cha mpira. Isipokubali, pasha tena. Moto wa kibiriti au mshumaa usiusogeze kabisa. Kalamu nyingi za kati ya miaka ya 1920 na 1940 ni za seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, nayo inalipuka moto ghafla. Za ebonaiti usiziloweke maji, hupauka rangi na kuwa kahawia.

Kwangua mabaki ya mpira kwa kijiti cha mbao mpaka mwili uwe safi na bamba la chuma linalobana mpira lionekane. Mpira mpya huuzwa kwa namba inayohesabu sehemu za 64 za inchi, yaani namba 16 ina upana wa inchi 16/64. Chagua unaoteleza ndani ya mwili bila kubanwa. Uweke pembeni ya mwili, pima, ukate uwe mfupi kuliko nafasi ya ndani kwa milimita 3 hivi ili usikunjike mwishoni.

Kuugandisha tumia shelaki, gundi ya utomvu wa wadudu. Gundi kali za papo kwa papo hazifai, kwa sababu shelaki inaachia kwa joto, na siku moja mtu mwingine atahitaji kuufungua mpira huu kama ulivyofanya wewe. Paka shelaki kidogo kwenye chuchu ya shingo, upanue mdomo wa mpira kwa koleo ndogo butu, uuvishe, unyooshe usiwe umejipinda. Acha usiku mzima. Asubuhi ujaze maji kwa kuubana na kuuachia ukiwa bado nje ya mwili, uone kama haudondoki. Kisha kausha, upake poda ya talki juu yake ili bamba liteleze, uingize mwilini. Shingo ipachike bila gundi yoyote.

Sasa tumbukiza nibu kwenye kikombe cha maji, nyanyua wenzo na uurudishe. Mapovu yatoke kwa wingi mara ya kwanza. Hesabu hadi kumi kabla hujaitoa, mpira upate muda wa kuvuta. Yakitoka mapovu mawili tu, mpira umejipinda ndani au ni mrefu mno, na itabidi uifungue tena.